Dhahabu ya Kilo na Kazi ya Serikali

Mtu akitoka Bunia kwenda Kilo na Mongbwalu, hukuta mito iliyogeuzwa njia yake na vilima vilivyochimbwa mashimo pande zote. Dhahabu ilionekana huko mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza 1905. Tangu siku hizo swali ni moja: penye mali nyingi na watu wanyonge, Serikali isimame wapi? Historia yetu imelijibu kwa namna nne.

Kwanza, Serikali ilikuwa tajiri yenyewe. Mwaka 1885 Dola ya Mfalme Leopold II ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na watu ni mali yake. Lakini shamba lililopumzishwa na pori la kuwindia vilikuwa na wenyewe! Ubelgiji ilipoitwaa Kongo mwaka 1908, ilirithi na machimbo pia. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, nayo koloni ikawa na sehemu kubwa ndani yake. Watu wa kazi walitoka wapi? Machifu waliagizwa kutoa vijana. Tena sheria ya tarehe 16 Machi 1922 iliruhusu kumfunga mfanyakazi aliyevunja mkataba. Basi, kijana aliyepunjwa ujira wake amshtaki nani? Aliyemwajiri na aliyemhukumu walikula sahani moja. Ndiko kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

Pili, baada ya Uhuru wa 1960, Serikali ilitaka kuurudisha utajiri kwa wananchi. Sheria iitwayo ya Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966, iliiweka ardhi na madini mikononi mwa taifa. Kusudi lilikuwa jema. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ikaongeza kwamba udongo wote ni wa Serikali, na kwamba haki za wenyeji zitapangwa baadaye kwa amri ya Rais. Miaka ikapita. Mwenye cheo na fedha alijipatia hati ofisini. Mkulima wa Djugu alikuwa na desturi ya babu zake tu. Mbele ya karani, desturi haina mhuri.

Tatu, Serikali ilitoweka. Mwaka 1999 ugomvi wa mashamba huko Djugu uliwasha moto kati ya Wahema na Walendu, na amri ile ya Rais ilikuwa haijatolewa bado. Ugomvi huo haukuwa sababu pekee: majeshi ya Uganda yalikuwa nchini, na wakubwa wa vikundi vya silaha waliitamani dhahabu. Mongbwalu ikatekwa mara kwa mara. Watu walilipishwa ili waingie machimboni, na wengine wakalazimishwa kufanya kazi bila malipo. Mwaka 2003 askari wa Ulaya walitumwa Bunia kuwalinda raia. Hapo tulijifunza kwamba pasipo Serikali mnyonge hapati uhuru. Hupata bwana mwingine, mwenye bunduki.

Nne, Serikali imejaribu kuwa mwamuzi. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilitaka yatengwe maeneo ya wachimbaji wadogo, nayo sheria ya 2018 ikawataka wajiunge katika vyama vya ushirika. Tena iligawa kodi wanayotoa wenye machimbo kwa kadiri ya dhahabu wanayouza. Katika kila franka 100, Serikali kuu hupata 50, jimbo 25, utawala wa mahali panapochimbwa 15, na 10 huwekwa akiba kwa vizazi vijavyo.

Tazameni zile 15. Ndizo zinazoweza kujenga darasa na kisima kando ya shimo. Lakini mizani nzuri katika mkono mbaya hupunja vilevile. Mwamuzi naye aulizwe hesabu: zimefika ngapi, zimefanya nini? Babu zetu hawakuweza kuuliza, maana mwenye dhahabu ndiye aliyekuwa hakimu. Sisi sheria imetupa la kuuliza. Tukinyamaza, tutakuwa tumemrudishia ngedere kesi yetu kwa mikono yetu wenyewe.