Karatasi za Bahati na ushahidi wa herufi za taipureta

Serikali ilipozindua mfumo wa Ardhisasa mwezi Aprili 2021, ikaanza kuhamishia kumbukumbu za ardhi kwenye kompyuta, wenye mashamba wengi walibaki na swali: karatasi za zamani zitakuwa na thamani gani? Swali hilo ni zito Bahati, kaskazini mwa mji wa Nakuru. Mashamba ya walowezi yalipouzwa miaka ya 1960 na 1970, wengi eneo hili walipata ardhi kupitia kampuni za kununua mashamba, kama Ngwataniro-Mutukanio iliyoongozwa na Kihika Kimani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la enzi hizo lilipigwa taipu.

Historia ya taipureta yenyewe si ndefu. Remington iliingia sokoni Marekani mwaka 1874. Imperial, iliyoanzishwa Leicester, Uingereza, mwaka 1908, ikaenea katika ofisi za makoloni. Baadaye zikaja Olivetti za Italia na Olympia za Ujerumani.

Ili kujua kama karatasi ni halisi, maandishi yake hulinganishwa na mengine ya mashine hizi, na kazi huanza na rula. Saizi ya Pica hutoa herufi 10 kwa inchi, ya Elite 12. Kisha tazama namba moja: mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe chake, karani akapiga l ndogo. Majina ya Kikuyu nayo yana lake. Mashine za Kiingereza hazikuwa na ĩ wala ũ, kwa hiyo alama ya juu iliongezwa kwa kalamu au ikaachwa kabisa.

Lakini umbo la herufi halitoshi. Kiwanda cha Ransmayer & Rodrian cha Berlin kiliwauzia herufi watengenezaji wengi, na mashine za majina tofauti zinaweza kutoa maandishi pacha. Kinachozitenga ni uchakavu: e iliyomeguka mkia, a iliyoinama, herufi kubwa zinazopanda juu ya mstari. Albert Osborn, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1910 kiliweka msingi wa taaluma hii, alisisitiza kwamba kasoro moja haithibitishi kitu. Kasoro kadhaa zikikutana ndipo mashine inapojulikana. Tarehe pia husema. Herufi za Courier zilibuniwa na Howard Kettler wa IBM mwaka 1955, kwa hiyo barua ya mwaka 1948 yenye Courier ni ya kughushi.

Mzozo uliotikisa taaluma hii ulizuka Marekani. Mwaka 1948 Whittaker Chambers alimtuhumu Alger Hiss, aliyekuwa afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje, kwamba alimpa siri za serikali kwa ajili ya Wasovieti. Chambers alitoa nakala zilizopigwa taipu. Mtaalamu wa FBI alizilinganisha na barua za nyumbani kwa akina Hiss, akasema mashine ni moja. Mawakili wa Hiss wenyewe ndio walioitafuta mashine ya familia, wakaileta mahakamani Woodstock namba 230099, wakidhani itamwokoa. Haikumwokoa. Januari 1950 alihukumiwa miaka mitano kwa kusema uongo chini ya kiapo.

Hapo ndipo mawakili walipomwendea Martin Tytell, fundi wa taipureta wa New York. Akitumia sampuli za maandishi tu, alitengeneza mashine ya kuiga kasoro za Woodstock ile, moja baada ya nyingine, ili kuonyesha kwamba kughushi kunawezekana. Mwaka 1952 jaji alikataa ombi la kesi mpya, na ubishi haujaisha.

Nchini Kenya, kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kusikiliza wataalamu wa mwandiko, alama za vidole na alama nyingine. Lakini ushahidi wa karatasi una maana pale tu unapohojiwa. Katika msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, mwaka 1986, wengi walioshtakiwa kwa machapisho ya siri walikiri makosa baada ya kuteswa katika jengo la Nyayo House, Nairobi. Karatasi hazikupata nafasi ya kusema.

Kisha kompyuta zikaingia, taipureta zikaondolewa mezani, na nyingi zikaishia kwa wauza vyuma chakavu. Hili ni kosa linaloweza kurekebishwa. Idara ya Kumbukumbu za Taifa na serikali ya kaunti zikusanye barua za ofisi na kampuni za zamani ambazo tarehe zake hazina ubishi, mwaka baada ya mwaka, ziwe kipimo cha kulinganishia. Familia nazo zitunze karatasi halisi, kwa sababu fotokopi haionyeshi jinsi chuma kilivyobonyeza karatasi. Mjane anayeambiwa cheti chake cha hisa ni bandia anastahili kujibiwa kwa vipimo, si kwa maneno ya mwenye nguvu.