Meli Iliyozama na Wapiga Mizinga Wetu

Ukizuru Fort Jesus, Mombasa, utauona mzinga wa Königsberg. Manowari hiyo ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Rufiji, na humo ikamalizwa Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Mmoja umebaki Mombasa, mwingine uko Pretoria. Meli iliyoacha chuma cha kupiga nacho picha haisahauliki upesi.

Khedive Ismail haikuacha chuma chochote ufukweni, ingawa watu wa Kitui na Makueni wana sababu ya kuijua kuliko Königsberg. Haikuwa hata manowari. Ilikuwa meli ya abiria iliyoundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua. Mwaka 1935 iliuzwa Misri na kubadilishwa jina, na mwaka 1940 Waingereza wakaichukua kubebea askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo ikiwa na watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, maofisa wa Kizungu na askari Waafrika. Waliobaki walikuwa mabaharia, wauguzi na wanawake wa jeshini.

Kikosi hicho hakikuwa cha kabila moja. Lakini Ukambani, ambako Kitui na Makueni zimo, kulitoa askari wengi mno katika vita vile, kwa kuwa wakoloni walikuwa wamejiaminisha kwamba Wakamba wamezaliwa kuwa wanajeshi. Ni sifa ya ajabu ukikumbuka yaliyotokea muda mfupi kabla. Mwaka 1938 serikali iliamuru mifugo ya Wakamba ipunguzwe kwa lazima, na kiongozi wao Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kupinga. Yeye alihamishiwa Lamu, lakini amri ya ng'ombe ililegezwa. Wakubwa walijua vizuri ni watoto wa nani waliojaa katika jeshi na polisi. Mwaka uliofuata vita vilianza Ulaya, na serikali ile ile ikarudi kwenye vijiji vile vile kutafuta vijana. Sioni haja ya kuita kujiunga kwao uzalendo. Palikuwa na mshahara, palikuwa na kodi ya kulipa, na palikuwa na machifu waliotakiwa kupeleka watu.

Makueni wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Machakos. Askari aliyepanda treni Nairobi kwenda Kilindini alipita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Kama kwao kulikuwa upande huo, alipita karibu na nyumbani bila kushuka.

Msafara ulikuwa na meli tano za kubeba watu, zikilindwa na Hawkins, manowari kongwe, na baadaye Paladin na Petard, mbili ndogo zenye kasi. Jumamosi tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana, ulikuwa umefika karibu na visiwa vya kusini vya Maldives. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikafyatua. Topido mbili ziliipata Khedive Ismail, na katika muda usiozidi dakika tatu meli ilikuwa imezama. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kufika ngazini. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake sita. Watu 1,297 walikufa, 77 kati yao wanawake.

Walioweza kutoka walikuwa majini wakiogelea au wameshikilia mbao, nayo nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manahodha wa Petard na Paladin walilazimika kuamua. Wakiiacha, ingeweza kuzipiga meli nyingine zilizojaa askari. Wakiishambulia, mabomu ya kulipuka chini ya maji yangewaua watu wale wale waliopaswa kuokolewa. Waliyatupa mabomu. Nyambizi ilipoibuka, Paladin ilijaribu kuigonga ikachanika ubavu yenyewe, na Petard ikaimaliza kwa topido yake ya saba. Petard si jina geni kwa wasomaji wa vita: mwaka 1942, mabaharia wake walitoa ndani ya U-559 vitabu vya siri vya Wajerumani vilivyosaidia kufumbua mawasiliano yao. Nahodha wa Petard anayelaumiwa kwa mabomu yale alikuwa na haki ya kufanya hesabu aliyofanya, naona mimi, lakini hesabu hiyo ililipwa na watu wasiokuwa na sauti ndani yake.

Wakati wa vita habari za meli kuzama zilibanwa, na askari wa Afrika Mashariki waliobaki waliendelea na safari ya kwenda Burma, ambako vita vya bonde la Kabaw vilizaa hadithi nyingi zilizorudi vijijini. Aliyerudi kutoka Burma alisimulia. Aliyezama hakuwa na msimulizi, wala kaburi. Huko Uingereza, Brian Crabb, mtoto wa mmoja wa walionusurika, ameandika kitabu kizima juu ya maafa haya, na wauguzi waliokufa wanakumbukwa kwa majina.

Wetu pia wana majina. Yamo katika Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Ngong Road, pamoja na ya askari wengine wasio na kaburi linalojulikana. Daftari zake hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na mtu anaweza kuzipekua kwenye simu, akitafuta kikosi na tarehe 12 Februari 1944. Ajihadhari na tahajia tu, maana makarani waliandika majina ya Kikamba walivyoyasikia. Ajaribu namna mbili tatu kabla ya kukata tamaa. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni hazihitaji bajeti kubwa kuyachapa majina ya watu wao na kuyabandika kwenye ukuta wa maktaba. Wazee wanaoweza kusema huyu alikuwa wa boma gani wanazidi kupungua, na kazi hiyo ya kuulizia haiwezi kufanywa kutoka London.