Joan Hickson na Bi Marple

Katika sanaa ya uigizaji wapo watu ambao umma huwajua kwa sura na usiwajue kwa jina: ndio wanaofungua mlango mgeni anapobisha hodi, wanaoleta chai sebuleni wakati matajiri wanazozana, wanaosimama dukani nyuma ya mizani wakasema maneno mawili matatu, kisha hadithi ikawaacha papo hapo na kwenda zake. Joan Hickson wa Uingereza alikuwa katika kundi hilo kwa zaidi ya nusu karne, na ilipomfikia zamu ya kuwa mhusika mkuu, akiwa na umri wa miaka 78, wengi walidhani kwamba bahati ilikuwa imemwangukia bibi kizee. Rai yangu ni kwamba haikuwa bahati hata kidogo, bali ni ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya zamani, tena ujira uliocheleweshwa mno.

Alizaliwa tarehe 5 Agosti 1906 huko Kingsthorpe, katika mji wa Northampton, mji uliojipatia riziki kwa ushonaji wa viatu, na baba yake mwenyewe alikuwa katika biashara hiyo. Alisomea uigizaji katika chuo cha RADA mjini London, akaanza kazi jukwaani mwaka 1927, mwaka uleule ambao Agatha Christie, mtunzi mashuhuri wa hadithi za jinai, alimtoa mbele ya wasomaji kwa mara ya kwanza ajuza wake mpelelezi, Bi Jane Marple, katika hadithi fupi ya gazetini. Mwaka 1932 Joan aliolewa na daktari, Eric Butler, wakajaaliwa watoto wawili. Mwaka 1958 wakahamia Wivenhoe, mji mdogo wa Essex kando ya mto, akaishi huko maisha yake yote yaliyobaki, hata baada ya mumewe kufariki mwaka 1967.

Filamu alizoonekana ni nyingi, na aghalabu nafasi yake ilikuwa ya dakika chache: mjakazi, muuguzi, mama mkwe, mlevi. Katika Seven Days to Noon ya mwaka 1950, ambamo mwanasayansi anatishia kuulipua mji wa London kwa bomu la atomiki iwapo serikali haitaacha kutengeneza silaha hizo, Joan ni mwenye nyumba anayepangisha chumba, mwanamke wa paka na sigara, mwenye kumshuku mpangaji wake asiyetulia. Naye kwa nafasi hiyo ndogo anaonyesha namna hofu kubwa ya dunia inavyoingia katika nyumba ya mtu wa kawaida asiyejua siasa. Umahiri wa namna hii haujifunzwi kwa kusema sana. Mtu aliyepewa sentensi mbili tu katika onyesho zima hana budi kuishi kati ya sentensi hizo, asikilize wanayosema wenzake kana kwamba anayasikia kwa mara ya kwanza, na uso wake uwe na habari hata pale ulimi unapokuwa hauna.

Alikuwako mtu aliyeliona jambo hilo mapema. Mwaka 1945, tamthilia ya Christie iitwayo Appointment with Death ilipochezwa London, Joan alikuwa mmoja wa waigizaji wake, na mtunzi mwenyewe, baada ya kumtazama, akamwandikia barua fupi ya kueleza matumaini yake kwamba siku moja angekuja kumwigiza Bi Marple. Joan wakati huo hakuwa hata ametimiza miaka 40. Miaka ikapita, mwaka 1961 filamu ya Murder, She Said ikatengenezwa, na nafasi ya Bi Marple akapewa Margaret Rutherford, mwanamke wa umbo kubwa na vituko vya kuchekesha, ilhali Joan alikuwamo humohumo katika nafasi ya mtumishi wa nyumbani.

Mwaka 1979 Marekani ilimtunuku tuzo ya Tony kwa nafasi yake katika Bedroom Farce, tamthilia ya Alan Ayckbourn, ambamo yeye na Michael Gough walikuwa mke na mume wazee walioketi kitandani wakila mkate na samaki wa kopo; na Gough naye akapata tuzo kama hiyo.

Ndipo BBC ilipomwita. Riwaya zote 12 za Bi Marple zilitengenezwa kwa televisheni naye akiwa ndiye, kuanzia The Body in the Library mwezi Desemba 1984 hadi The Mirror Crack'd from Side to Side mwezi Desemba 1992, alipokuwa na miaka 86. Hakuleta vituko. Alivaa suti ya sufi nzito na kofia, mkoba ameushika mbele ya tumbo, akaketi wima akifuma. Na Inspekta Slack, aliyeigizwa na David Horovitch, anapojigamba na kumkatiza maneno, yeye hamjibu, bali humwelekezea macho yake ya buluu hafifu kwa adabu kamili, mpaka mtazamaji akaona haya kwa ajili ya inspekta. Huko ndiko kusikiliza alikojifunza katika miaka ya ujakazi wa filamuni. Mwaka 1987 alipewa nishani ya OBE, na mwaka huohuo ikaonyeshwa 4.50 from Paddington, riwaya ileile iliyozaa filamu ya mwaka 1961, safari hii mtumishi wa jana akiwa ndiye Bi Marple. Christie hakuyaona hayo, kwani alifariki mwaka 1976.

Joan Hickson alifariki tarehe 17 Oktoba 1998 huko Colchester, akiwa na miaka 92. Baada yake wamekuja Geraldine McEwan na Julia McKenzie, waigizaji hodari wote wawili, lakini kwa hukumu yangu hakuna aliyemfikia. Msomaji anayetaka ithibati na aanze na A Murder Is Announced, ya mwaka 1985, amtazame hasa pale ambapo wengine ndio wanaozungumza.