Tarumbeta za Askari na Udugu wa Beni

Bendi ya askari hupigwa ili hatua za jeshi zilingane. Lakini hapa Pwani ilizaa jambo jingine. Katika miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu waliiga tarumbeta, sare na vyeo vya majeshi katika mchezo walioupa jina la beni. Huko Mombasa pande zilizoshindana ziliitwa Kingi na Scotchi. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha, askari na wapagazi walikuwa wamekwisha kuueneza mchezo huo mpaka bara.

Mashindano hayo yalikula mali nyingi, na wazee wengi hawakuyapenda. Hata hivyo, chama cha beni kilimpokea mgeni asiye na jamaa mjini, kikamwuguza alipougua, na alipofariki kikamzika kwa heshima. Sauti ya tarumbeta hupita. Sanda aliyonunuliwa mtu asiye na ndugu haisahauliki. Basi tutoapo mchango wetu wa mazishi, tujue kwamba twaifuata njia iliyofunguliwa na watu waliodhaniwa kuwa wacheza ngoma tu.