Kilimia, Sayari na Mwendo wa Mbingu

Mwezi wa Novemba, mvua zinapokaribia mashamba ya kutoka Mitundu, kusini ya Lilongwe, hadi Dzaleka wilayani Dowa, kundi la nyota tuliitalo Kilimia huchomoza mashariki wakati jua linapokuchwa magharibi. Jina hilo latokana na kulima. Wazulu nao huliita isiLimela, kwa shina lilo hilo. Wakulima waliosoma majira angani hawakuwa na vitabu, wala hawakukosea.

Lakini wanafunzi wetu wa Dzaleka, watoto wa Kongo, Burundi na Rwanda, hutuuliza: ikiwa dunia ndiyo izungukayo, mbona twasema jua limechomoza? Je, wazee walitudanganya?

Jibu limo katika neno sayari. Limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kwenda. Wanafalaki wa kale waliona kuwa nyota nyingi hushika nafasi zao, bali mianga saba hutembea kati yake: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hizo ndizo zilizokuwa sayari. Dunia haikuhesabiwa, maana ilidhaniwa imetulia katikati. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Iskandaria, nchini Misri, alieleza mwendo wa sayari hizo kwa duara juu ya duara, na hesabu zake zikatumika zaidi ya miaka 1,000.

Mwaka 1543 kilichapishwa kitabu cha Copernicus, kilicholiweka jua katikati; lakini naye hakuziacha duara. Mwaka 1609 Kepler alionyesha kuwa njia ya Mirihi ni duaradufu. Mwaka 1687 Newton akaeleza sababu, yaani nguvu ya uvutano. Basi Jua na Mwezi vikatoka katika orodha ya sayari, dunia ikaingia. Neno lilibaki, hesabu ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo tusimfanye mtoto amdharau mzazi wake. Aliyesimama shambani huliona jua likichomoza kweli. Kilichobadilika ni maelezo, si alionalo jicho. Kilimia hupotea mwezi wa Mei, na leo twajua sababu: katika safari yake dunia imefika mahali ambapo jua liko kati yetu na nyota hizo.

Walimu wenzetu, tuyafundishe yote mawili, tukianza na nyota ambazo mwanafunzi amekwisha kuonyeshwa kwao.