Usiku wa Shilatembo: maneno ya mwisho ya Lumumba, Mpolo na Okito

Maneno ya mwisho ya Patrice Lumumba yamehifadhiwa kwa njia mbili. Kuna barua aliyomwandikia mkewe, Pauline Opango, akiwa kifungoni Thysville. Hiyo ndiyo isomwayo majukwaani na shuleni kila Lumumba anapokumbukwa, na ndiyo iliyorudi midomoni mwa watu Julai 2, 2025, siku ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe. Na kuna maneno machache yaliyotamkwa porini Katanga usiku wa Januari 17, 1961, yakabaki vichwani mwa watu waliosimamia mauaji yake. Hayo hutajwa kwa nadra. Lakini ndiyo ya mwisho hasa, na ndani yake wamo watu wawili ambao barua haiwataji: Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Njia iliyowafikisha huko inajulikana. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960, Lumumba akiwa Waziri Mkuu. Jeshi liliasi ndani ya siku chache, Katanga ya Moïse Tshombe ikajitenga Julai 11 kwa msaada wa Wabelgiji, Rais Joseph Kasavubu akamfukuza kazi Lumumba Septemba 5, na Kanali Joseph Mobutu akashika madaraka Septemba 14. Lumumba alitoroka Léopoldville, Kinshasa ya leo, Novemba 27, akielekea Stanleyville kwa wafuasi wake. Alikamatwa siku chache baadaye kwenye Mto Sankuru, akarudishwa Léopoldville amefungwa kamba mbele ya wapiga picha, kisha akapelekwa kambi ya Hardy, Thysville.

Huko ndiko barua ilikoandikwa. Haina tarehe, na vitabu vingi vimeipachika Januari 1961. Lumumba anamwambia mkewe kwamba hajui kama maneno hayo yatamfikia, wala kama yeye mwenyewe atakuwa hai yatakaposomwa. Anasema vipigo na mateso havikumfanya aombe huruma, na kwamba ni heri kufa kichwa kikiwa juu kuliko kuishi chini ya utumwa. Anatabiri kuwa historia itasema siku moja, na haitakuwa ile inayofundishwa Brussels, Paris, Washington au Umoja wa Mataifa, bali ile ambayo Afrika itajiandikia yenyewe, kaskazini na kusini mwa Sahara. Mwishoni anamsihi asimlilie. Barua ilichapishwa mara tu habari za kifo chake zilipotoka, ikaenea duniani kabla familia haijajua hata mahali alipouawa.

Ipo barua nyingine ya kifungo hicho, na hiyo ina tarehe: Januari 4, 1961. Lumumba alimwandikia Rajeshwar Dayal, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Hakuna utabiri ndani yake. Analalamika kuhusu seli yenye unyevunyevu, chakula kibaya kinachomfanya apitishe siku kadhaa kwa ndizi tu, nguo zisizofuliwa, na kukatazwa viatu. Barua kwa Pauline ni ya kiongozi anayeuaga ulimwengu. Hii ni ya mfungwa anayetaka kuishi, na anayejua kabisa kwamba chombo kilichokuja Kongo kwa mwaliko wa serikali yake kina askari wa kutosha kumtoa pale. Barua hizo zinastahili kuchapwa pamoja, maana ile ya kwanza ikisomwa peke yake humfanya msomaji adhani kwamba Lumumba alikuwa amekwisha kuridhia kufa. Ya pili inaonyesha mtu ambaye bado anadai haki zake, moja baada ya nyingine.

Januari 13 askari wa Thysville waliasi. Kasavubu na Mobutu walilazimika kwenda wenyewe kuwatuliza, na Léopoldville ikaona kuwa mfungwa huyo ni hatari hata akiwa nyuma ya mlango uliofungwa. Asubuhi ya Januari 17 Lumumba alitolewa pamoja na Mpolo na Okito. Mpolo, mwenye umri wa miaka 32, alikuwa Waziri wa Vijana na Michezo. Okito, aliyekuwa anakaribia miaka 51, alikuwa makamu wa rais wa Seneti. Walipitishwa Moanda na kupandishwa ndege ya DC-4 hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Walipigwa angani kiasi kwamba marubani Wabelgiji walifunga mlango wa chumba chao. Ndege ilitua Luano jioni kabla ya saa 11. Mateka wakapelekwa nyumba ya Mbelgiji mmoja iliyoitwa Villa Brouwez, wakateswa tena, na mawaziri wa Katanga wakaja kuwatazama.

Mambo yaliyofuata yalifichwa kwa miaka 30, na jinsi yalivyojulikana ni kisa cha watafiti wawili waliogombana.

Wa kwanza ni Jacques Brassinne, Mbelgiji aliyekuwa mtumishi wa serikali yake huko huko Elisabethville mwaka 1961. Kwa miaka mingi aliwafuata walioshiriki, akawahoji mmoja mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawasilisha matokeo yake kama tasnifu ya udaktari katika chuo kikuu cha Brussels. Wauaji walizungumza naye kwa sababu alikuwa mwenzao: alijua majina, nyumba na barabara, na hakuja kuwashtaki. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mauaji yale yalikuwa shauri la Wakongo wenyewe, na kwamba Wabelgiji waliokuwepo walitii tu amri za serikali ya Katanga.

Wa pili ni Ludo De Witte, mtafiti wa Kiflemi. Aliyachukua mahojiano yale yale ya Brassinne, akayaweka kando ya simu za maandishi na nyaraka za wizara za Ubelgiji, akatoa kitabu mwaka 1999 kilichofikia hitimisho la kinyume. Katika maelezo yake, mawaziri wa Brussels ndio waliosukuma Lumumba ahamishiwe Katanga wakijua atakachokipata huko, na maofisa wa Kibelgiji walikuwepo katika kila hatua, kuanzia uwanja wa ndege hadi kaburini. Ugomvi huo uliitikisa Ubelgiji. Bunge liliunda tume ya uchunguzi, nayo ikatamka mwaka 2001 kwamba baadhi ya viongozi wa Ubelgiji walibeba dhamana ya kimaadili kwa mazingira yaliyosababisha kifo hicho. Februari 2002 Waziri wa Mambo ya Nje, Louis Michel, aliomba radhi kwa niaba ya serikali. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hoja ya De Witte ina nguvu zaidi, kwa sababu anayeendesha gari la mfungwa usiku hadi kwenye kaburi lililokwisha kuchimbwa hawezi kujiita mtazamaji.

Juu ya saa ile yenyewe, watafiti hao hawapingani sana. Usiku msafara wa magari ulitoka Villa Brouwez ukaelekea kaskazini kwa barabara ya Mwadingusha. Ulisimama mahali panapoitwa leo Shilatembo, safari ya kama dakika 45 hivi. Tshombe alikuwepo, pamoja na mawaziri wake Godefroid Munongo na Jean-Baptiste Kibwe. Munongo alikuwa mjukuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke aliyetoka Unyamwezi na kuuawa Bunkeya mwaka 1891 na ofisa wa msafara wa wazungu waliotumwa na Leopold wa Pili. Miaka 70 baadaye mjukuu alisimama upande mmoja na Wabelgiji. Kikosi cha kupiga risasi kiliongozwa na kapteni Mbelgiji, Julien Gat. Aliyewatoa wafungwa garini na kuwasogeza mmoja mmoja hadi kwenye mti alikuwa kamishna wa polisi Mbelgiji, Frans Verscheure. Mahali pale palimulikwa kwa taa za magari.

Verscheure ndiye chanzo cha maneno ya mwisho ya Lumumba. Kwa simulizi yake, Lumumba alimwuliza kama ni kweli kwamba wanakwenda kuuawa. Verscheure akamjibu kuwa ndiyo. Akaambiwa anao muda wa kujiandaa na kusali, akakataa. Baada ya hapo hakusema kitu. Mtu aliyepaaza sauti mbele ya mfalme wa Ubelgiji siku ya uhuru, aliyehutubia Accra mwaka 1958 na kuyateka makundi ya Stanleyville, alimaliza kwa swali moja fupi lililojibiwa na polisi.

Wa kwanza kupigwa risasi alikuwa Okito. Alipokamatwa mkono na kusogezwa kwenye mti, alisema anataka mkewe na watoto wake walioko Léopoldville watunzwe. Mmoja wa waliosimama pale akamjibu kwamba hapo ni Katanga, si Léo. Akafuata Mpolo. Lumumba akawa wa mwisho, akiwa amewaona wenzake wawili wakianguka.

Hayo ya Okito ndiyo maneno yanayopaswa kukaa kando ya barua ya Thysville. Mzee yule hakuzungumza juu ya historia wala bara zima. Alifikiria chakula cha wanawe kesho yake, na mbele ya kaburi akajibiwa kwa dharau ya jimbo dhidi ya jimbo. Katika jibu lile mna habari yote ya Kongo ya mwaka ule, iliyokwisha kukatwakatwa kiasi kwamba mtu hawezi kumwombea mkewe aliye mji mwingine wa nchi ile ile. Hata hivyo, Okito na Mpolo wameachwa nyuma. Mtaa wa Lumumba wa Dar es Salaam, ambako TANU na baadaye CCM ziliweka ofisi zao, ni maarufu. Zanzibar ina Shule ya Sekondari Lumumba. Chuo kikuu cha Moscow kilibeba jina lake kuanzia 1961. Watu wawili waliokufa naye dakika ile ile, kwa sababu ile ile, wamekuwa nyongeza ya sentensi, wakiitwa tu “wenzake”. Huo ni upungufu unaoweza kurekebishwa na mwalimu yeyote wa historia kesho asubuhi.

Verscheure aliandika katika shajara yake mstari mfupi kwa Kiflemi: saa 3 na dakika 43 usiku, L. amekufa. Herufi moja badala ya jina. Tume ya Bunge la Ubelgiji iliutumia mstari huo kuthibitisha wakati wa mauaji.

Kisha ulianza uongo. Miili ilifukuliwa ikahamishwa, na siku chache baadaye ofisa mwingine wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, akaifukua tena, akaikata na kuiyeyusha kwa tindikali. Februari 13 Munongo aliwaambia waandishi kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji, na anayedhani serikali imewaua alete ushahidi. Kesho yake Pauline alitembea mitaani Léopoldville kifua wazi, katika hali ya msiba, kudai mwili wa mumewe. Hakupewa, kwa kuwa haukuwepo tena.

Wakazi wa Lubumbashi hawakungoja tasnifu wala tume. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia yote ya nchi yake kwa picha zaidi ya 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Kifo cha Lumumba alikichora kama cha Yesu, na misalaba mitatu ikionekana nyuma ya miili mitatu. Mchoraji huyo aliwaweka wote watatu katika picha moja.

Mobutu, aliyekuwa miongoni mwa waliomkabidhi Lumumba, alimtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Soete alikiri hadharani karibu na mwisho wa maisha yake kwamba alibaki na meno ya Lumumba, akafariki mwaka 2000. Jino moja lilichukuliwa na vyombo vya sheria vya Ubelgiji kutoka kwa binti yake mwaka 2016. Pauline hakuliona, alifariki Kinshasa Desemba 2014. Familia ilikabidhiwa jino hilo Brussels Juni 20, 2022. Lilipitishwa Onalua alikozaliwa Lumumba na Shilatembo alikouawa, likazikwa Limete, Kinshasa, Juni 30. Juni 2025 waendesha mashtaka wa Brussels waliomba Étienne Davignon, mwenye umri wa miaka 92 na aliyekuwa mwanadiplomasia kijana wakati wa mauaji, afikishwe mahakamani. Ndiye peke yake aliyekuwa hai kati ya Wabelgiji waliotajwa katika malalamiko ambayo familia ya Lumumba iliyafungua mwaka 2011.