Mkate, Ujira na Sheria: Fundisho la Speenhamland

Tarehe 6 Mei 1795 mahakimu wa Berkshire, Uingereza, walikutana Speenhamland. Mkate ulikuwa ghali. Wakaamua kwamba ujira usiotosha ujazwe kwa kodi ya parokia, kadiri ya bei ya mkate na ukubwa wa jamaa. Mwaka 1834 Tume ya Kifalme ilitamka kwamba msaada huo ulizaa uvivu na kushusha ujira; ndipo sheria mpya ikakusudia kuwapeleka maskini katika nyumba za kazi. Lakini mwaka 1963 Mark Blaug alionyesha kinyume: ujira duni na ukosefu wa kazi nje ya msimu ndivyo vilivyouleta msaada. Basi tujihadhari, tusije tukaiita dawa ugonjwa, na gharama akailipa maskini.